Uchovu Mara Uchovu

Manesi wa hospitali ile kuu walikuwa wanaondoka. Mwezi huu anaaga mmoja, mwezi ujao wawili, na wanaobaki wanagawana wodi za walioondoka. Uongozi ulipochoka kusaini barua za kuacha kazi, ulimwita mhadhiri wa takwimu kutoka chuo cha afya kilichokuwa ng'ambo ya barabara, ukamwomba achunguze mambo mawili: nini kinawaondoa, na nini kitawazuia.

Mhadhiri huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini na sifa ya kutokubali kitu nusunusu. Wanafunzi walimwogopa kidogo. Mume wake, fundi friji, alikuwa akimtania kwamba hata chumvi kwenye mboga anaitafutia wastani kwanza. Aliikubali kazi ile siku hiyohiyo, na sababu kubwa ilikuwa wifi yake.

Wifi huyo, mdogo wa mwisho wa mume wake, alikuwa nesi kwenye wodi ya wanaume palepale hospitalini. Wakati anasomea unesi aliishi kwao, akalala chumba kimoja na watoto, na hakukuwa na mtoto aliyepona kufungwa bandeji za mazoezi. Wodini walimwita Sista Haraka, maana hata akienda kunywa maji alikwenda kama aliyeitwa. Yeye na mhadhiri walipatana hadi mama mkwe akaingiwa na wasiwasi. Alisema tangu azaliwe hajaona mawifi wasiosengenyana, kwa hiyo hawa wawili lazima kuna kitu wanamficha.

Wifi ndiye aliyezunguka wodi kwa wodi na karatasi za maswali. Manesi walisita. Waliogopa kwamba wakisema ukweli, msimamizi wa wodi ataujua mwandiko.

"Jazeni tu," aliwaambia. "Mwenye kazi hii ni wifi yangu. Kaka yangu ameishi naye miaka yote hii hajamsikia anasema uongo, na si kwamba kaka hajajaribu kumfundisha."

Wakacheka, wakajaza.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuhesabu vichwa. Uchovu wa mtu hauwekwi juu ya mizani. Unamuuliza anaamkaje asubuhi, miguu ikoje zamu ikiisha, mara ngapi anasahau jina la mgonjwa aliyemhudumia jana. Halafu, nyuma ya majibu yote hayo, unatafuta kitu kimoja kisichoonekana kinachoyasukuma. Kwenye fani yao vitu vya namna hiyo huitwa vigeu fiche. Mhadhiri alikuwa navyo vitatu: uchovu, msaada ambao nesi anaupata kwa msimamizi wake, na nia ya kuacha kazi.

Kwamba uchovu unaongeza nia ya kuacha kazi, hilo halikuhitaji msomi. Swali la uongozi lilikuwa jingine: je, nesi akiwa na msimamizi anayemjali, uchovu unapungua makali? Kulijibu, unazidisha uchovu kwa msaada, kisha zao lake unaliingiza kwenye modeli pamoja na vingine. Zao hilo likisimama imara na alama ya kutoa mbele yake, jibu ni ndiyo.

Likasimama imara. Lilisimama vizuri hivi kwamba mhadhiri alicheka peke yake pale mezani. Mkurugenzi wa hospitali alipopiga simu adhuhuri ile kuulizia maendeleo, alimwambia. Hakupaswa kumwambia, maana kazi haijaisha, lakini furaha ilimtangulia.

"Hayo ndiyo maneno!" Mkurugenzi alisema. "Dokta, hilo tunaweza kulifanyia kazi. Lete Alhamisi."

Ofisini mhadhiri alikaa chumba kimoja na mwenzake, mwanamume kipara ambaye wanafunzi walimwita Nyuki, kwa sababu hakuweza kufikiri bila kuvuma. Nyuki alizungusha kiti, akaangalia matokeo kwenye skrini, akavuma kidogo, akanyamaza.

"Uchovu umeuzidisha kwa uchovu wenyewe?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Waliochoka sana si ndio haohao wanaosema hawana msaada? Angalia, vinakwenda pamoja. Vitu viwili vikifuatana hivyo, kimoja kinaweza kuvaa nguo za mwenzake. Huenda uchovu una kona. Mwanzoni unampandisha mtu polepole, ukifika mahali unamrusha. Usipouwekea huo mkunjo, modeli itakupa msaada kuwa ndiyo jibu, kumbe msaada wala haupo hapo."

Ilikuwa rai ya kawaida, ya watu wa kazi. Mhadhiri mwenyewe aliwahi kuifundisha. Nyuki alipotoka kwenda darasani, akaiingiza: uchovu mara uchovu. Akabonyeza, akasubiri.

Zao la msaada likanywea. Namba iliyokuwa imesimama imara asubuhi ikawa karibu na sifuri, na mahali pake uchovu mara uchovu ukapanda juu peke yake. Chini kabisa, programu iliandika onyo kwamba hesabu haikutulia vizuri.

Aliliangalia lile onyo. Alijua maana yake, na alijua namna ya kulitibu: kubadili namba za kuanzia, kuipa mashine muda, mchana mmoja wa kazi ya uvumilivu. Lakini aliliangalia kama mtu anayeangalia mlango ulioachwa wazi. Aliufuta ule mstari wa uchovu mara uchovu, akairudisha modeli ya asubuhi, akaanza kutengeneza picha za Alhamisi.

Nyuki aliporudi na chaki mikononi aliuliza, "Vipi ule mkunjo?"

"Modeli imekataa kutulia."

"Aa, hizo huwa zinasumbua," Nyuki alisema, akaanza kuvuma.

Alhamisi, kwenye chumba cha mikutano chenye viti vya ngozi vinavyolia mtu akijigeuza, aliwaonyesha mistari miwili ya nia ya kuacha kazi kadiri uchovu unavyozidi. Mmoja ulipanda kwa kasi: manesi wasio na msaada. Mwingine ulipanda taratibu: manesi wenye msaada. Ilikuwa picha nzuri, hata mtu wa stoo angeielewa. Mkurugenzi aliigonga kwa kalamu.

"Kwa hiyo tatizo siyo idadi ya watu."

Mhadhiri alijua kwamba mezani pa Mkurugenzi kulikuwa na ombi la manesi la kuongezewa wenzao. Wifi alishamwambia.

"Takwimu zinaonyesha kwamba msaada wa msimamizi unapunguza makali ya uchovu," alisema.

"Ndicho ninachosema na mimi."

Hakikuwa hicho. Akakusanya waya wa kompyuta yake, akaukunja taratibu kuliko ulivyohitaji.

Ombi la manesi likawekwa kando. Badala yake wasimamizi wote walipelekwa mafunzo, na wakarudi na kitu kilichoitwa Dakika za Kusikilizwa. Kila nesi, kila wiki, akae na msimamizi wake aulizwe anajisikiaje. Picha ya mistari miwili ilichapishwa ikabandikwa kwenye kuta za vyumba vya zamu, juu ya sinki.

Mwanzoni wifi alilifanya jambo lile kichekesho. Alikuja Jumapili, akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kochi na kuigiza.

"Nina dripu tatu zinaisha, babu mmoja anataka kushuka kitandani, mwingine ameshashuka. Msimamizi ananishika mkono: njoo tukae kidogo. Tunakaa. Ananiangalia machoni, ananiuliza, 'Sista, unajisikiaje?' Nikamwambia najisikia dripu zinaisha!"

Kaka yake alicheka hadi akakohoa. Watoto nao wakacheka. Mhadhiri alitabasamu, akainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Wifi alimfuata jikoni. "Usinune. Wenzangu wananisema, sikufichi. Wanasema ulinunuliwa. Nikawaambia mwenye kusema hivyo aje aseme mbele yangu. Wifi yangu namjua."

"Labda wasimamizi hawajazoea bado," mhadhiri alisema, mgongo umegeuka.

"Labda," wifi alisema. Alichukua kipande cha karoti, akatafuna, akaegemea friji na kufumba macho. Mhadhiri alipogeuka alimkuta amelala vilevile wima, karoti mkononi. Hapo ndipo aibu ilipoanza kumwingia kwa uzito, siyo kama wazo, ila kama joto linalopanda kutoka shingoni hadi masikioni. Akamgusa bega. Wifi akashtuka, akaomba radhi, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Siku zilizofuata mhadhiri alijizoeza kupitia lango la nyuma la hospitali, ili asipite kwenye vyumba vya zamu. Akimwona nesi barabarani alitafuta kitu mkobani. Mara kadhaa alilifungua faili la kazi ile, akaliangalia, akalifunga. Alijiambia kwamba hakuna aliyekufa. Alijiambia kwamba kusikilizwa hakujawahi kumdhuru mtu. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakumsaidia chochote.

Kisha wifi akampa mgonjwa mmoja dawa ya presha mara mbili.

Alikuwa mzee wa kitanda cha dirishani. Nesi wa zamu iliyotangulia alikuwa amempa tayari, akawa amekimbilia wodi nyingine kabla ya kuandika. Wifi alikuta pameachwa wazi, akampa tena. Angetakiwa kuuliza. Siku nyingine zote aliuliza. Mzee alianguka msalani, presha ikashuka vibaya, wakamrudisha kwa shida. Alipona, akaenda nyumbani na watoto wake. Wifi alisimamishwa kazi, akaambiwa asubiri kamati ya nidhamu.

Alikuja nyumbani kwao Jumamosi alasiri, bado amevaa saa ya nesi kifuani japo sare hakuwa nayo. Mhadhiri alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizokauka.

"Wifi, nakuhitaji," alisema hata kabla ya kukaa. "Jumanne naingia kwenye kamati. Nimewaambia nilichoka, nilikuwa sioni vizuri. Wakaniambia hiyo siyo sababu. Msimamizi wangu amesema alinisikiliza kila wiki, na ni kweli, alinisikiliza, sitamsingizia. Wanasema utafiti umeonyesha mtu akisikilizwa uchovu hauna meno. Kwa hiyo kilichobaki ni uzembe wangu. Nikawaambia hamkuuelewa. Mwenye utafiti ni wifi yangu, atakuja awaeleze." Akavuta pumzi. "Hukusema hivyo, si ndiyo?"

Mhadhiri alikuwa ameshika shati la mwanawe. Alilikunja, akalikunjua.

"Nilisema hivyo."

"Ulisema unapunguza. Hukusema unaumaliza."

"Haupunguzi. Wifi, haupunguzi hata kidogo. Kilichokuwepo pale ni uchovu peke yake. Ukifika kiwango fulani unamvunja mtu, asikilizwe asisikilizwe. Ule mstari wa pili haukuwa wa msaada."

Wifi alikaa kwenye mkono wa kochi. Alikuwa anajaribu kuelewa, na uso wake ulikuwa bado unamwamini, hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Yaani ulikosea."

Lilikuwa neno la huruma, ameliweka mbele yake kama kiti. Angelikalia, mambo yangeishia hapo. Nani hakosei? Mhadhiri alihisi mdomo wake ukilitengeneza neno ndiyo.

"Sikukosea," alisema. "Nilijua. Nyuki aliniuliza, nikajaribu, nikaona. Nikafuta."

"Lini?"

"Kabla ya ule mkutano."

Nje, mume wake alikuwa anagonga bati la friji la mtu. Yalikuwa makofi ya nyundo ya polepole, yenye nafasi katikati.

"Kabla sijasimama wodini kukutetea," wifi alisema.

"Kabla."

"Na Jumapili ile, jikoni."

"Nilikuwa najua."

Wifi alitikisa kichwa kama mtu anayehesabu kitu na kukikuta pungufu. Mhadhiri akaanza kusema kwamba kama si ripoti yake, huenda wodini wangeongezwa watu, na yule mzee huenda asinge—

"Hapo hapana," wifi alimkata. "Usiniondolee langu. Vile vidonge niliviweka mimi kwenye kikombe, kwa mkono huu. Langu ninalo. Wewe beba lako."

Akainuka, akavaa viatu, akashindwa kuufunga mkanda wa kimoja, akaondoka nao hivyohivyo unaburuzika.

Mume wake aliingia na nyundo mkononi. "Umemwambia nini dada yangu? Amenipita kama hanioni."

Akamweleza. Alitegemea atakasirika, au atafanya mzaha, maana hayo ndiyo aliyoyazoea kwake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisikiliza hadi mwisho, akaiweka nyundo mezani, akaitazama.

"Mimi nikitengeneza friji vibaya, chakula kinaoza, mwenyewe ananiletea kelele," alisema. "Wewe nani angekuja kukuletea kelele?"

Hakulisema kwa kumchoma. Aliuliza kweli, anataka kujua.

Jumanne alikwenda kwenye kamati bila kuitwa. Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, akamwona, akatazama dirishani. Walipomruhusu kuingia, mhadhiri alisimama mbele ya vile viti vya ngozi na kusema yote, bila picha safari hii. Alisema ripoti yake isitumike dhidi ya nesi yeyote, kwa sababu si ya kweli.

Mkurugenzi alisikiliza ameegemea viganja.

"Dokta, huyu sista ni nani kwako?"

"Ni wifi yangu."

Viti vililia. Mtu mmoja alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

"Na hilo tatizo uliligundua lini?"

"Kabla ya kuwasilisha kwenu."

"Basi ama ulitudanganya siku ile, ama unatudanganya leo kwa ajili ya ndugu yako. Tuchagulie."

"Siku ile."

"Hivyo ndivyo angesema pia mtu anayedanganya leo," Mkurugenzi alisema, tena kwa upole, na kila mtu chumbani aliona kwamba ana hoja. Mhadhiri naye aliiona. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amejiandaa kwa hasira yao, kumbe neno lake halikuwa na uzito tena, ukweli na uongo wake vilitoka na sauti ileile. Alisimama pale, mikono haijui pa kukaa, mpaka katibu alipomfungulia mlango.

Wifi alipewa onyo la mwisho na kuhamishiwa dirisha la kadi. Hakwenda hata siku moja. Aliandika barua ya kuacha kazi akaiacha getini kwa mlinzi.

Kesho yake mhadhiri alimngoja Nyuki ofisini, mlango umefungwa.

"Nataka uirudie kazi ya manesi yote, tangu mwanzo," alimwambia. "Nitakupa majibu yao, mimi sitagusa. Andika utakachokiona, kwa jina lako."

Nyuki alimtazama. "Nilikuuliza siku ile."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia haikutulia."

"Niliacha isitulie."

Nyuki hakuvuma. Walikuwa wamekaa chumba kimoja muda mrefu, wamesahihishiana mitihani, wameazimana miavuli. Aligeuza kiti kuelekea ukutani, akakaa hivyo kidogo, kisha akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, kuomba faili.

Alichukua wiki kadhaa. Aliviweka vigeu fiche vyote kama inavyotakiwa, na mazao yake yote kwa pamoja, msaada mara uchovu, uchovu mara uchovu, msaada mara msaada, akaiacha mashine ijitulize. Ikatulia. Matokeo yalikuwa yaleyale ambayo mhadhiri aliyaona mchana ule na kuyafuta. Wenye wasimamizi wema walikuwa na nia ndogo kidogo ya kuondoka, hilo lilibaki. Lakini wema huo haukuupunguzia uchovu makali. Waliochoka sana waliruka juu wote pamoja, wa msimamizi mwema na wa msimamizi mkali.

Nyuki aliandika hivyo kwa lugha nyepesi, akapeleka mwenyewe. Chuo kilimwondoa mhadhiri kwenye kamati ya utafiti, kikamwachia kufundisha. Hospitali iliiondoa ripoti ya kwanza kimyakimya, bila tangazo, ila picha za mistari miwili zilibaki juu ya masinki. Mhadhiri aliomba ruhusa akazibandue mwenyewe. Alipita chumba baada ya chumba, anakwangua gundi kwa kucha, na manesi wakiingia kunawa mikono walimpisha, wakanawa, wakatoka.

Aliomba pia kuzungumza nao. Walimpa nafasi wakati wa kubadilishana zamu, kwenye korido, wamesimama, wengine wameshashika mikoba. Aliwaambia kwamba waliandika ukweli kwenye karatasi zile na yeye akaugeuza. Aliwaambia walichokuwa wamesema hasa. Aliwaomba radhi. Sauti yake ya chini haikuwafikia wa nyuma, ikabidi aseme tena kwa nguvu, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Hakuna aliyefoka. Nesi mmoja mrefu, aliyeanza kuchungulia saa, aliuliza, "Kwa hiyo tunaongezewa watu?"

"Sijui. Hilo si langu kuamua."

"Basi tunaweza kwenda?"

Alisogea pembeni wakapita.

Waliongezewa watu wachache mwaka uliofuata, wasiotosha. Wifi alipata kazi kwenye zahanati ndogo, daktari mmoja na manesi wawili, foleni ndefu kuanzia asubuhi. Hakupiga simu. Akija kumwona kaka yake, waliongea kwenye banda la kazi, katikati ya friji zilizofunguliwa migongo. Akimkuta mhadhiri, alimwita Mwalimu, kwa adabu zote. Mama mkwe alifurahi mwanzoni kwamba sasa mawifi wamekuwa mawifi, ila baada ya muda hata yeye alianza kuulizia kulikoni, na kila mmoja alimwambia amuulize mwenzake.

Mhadhiri hakuomba radhi mara ya pili. Alihisi kuomba tena ni kumpa wifi kazi nyingine ya kufanya. Darasani, alipofika kwenye somo la vigeu fiche na mazao yake, aliwaeleza wanafunzi alichofanya, bila kutaja hospitali. Waliandika, na tangu siku hiyo hawakumwogopa tena. Alitamani wangeendelea.

Jumapili moja, mvua ikinyesha, wifi alikuja na kumkosa kaka yake, aliyekuwa ameitwa kwenye bucha moja ambako friji lilizimika nyama ikiwa ndani. Hakutaka kurudi kwenye mvua. Akakaa mwisho wa kochi, mkoba mapajani, kama mgeni anayesubiri kuitwa jina.

"Anachelewa?"

"Friji kubwa. Huenda jioni."

Mhadhiri alirudi mezani kwenye mitihani aliyokuwa anasahihisha. Baada ya kurasa chache alisikia pumzi zimebadilika. Wifi alikuwa amelala, kichwa kimeangukia nyuma, mdomo wazi. Mhadhiri alizima redio. Watoto walipoingia wakikimbia aliwaonyesha mkono, wakarudi nyuma kwa vidole vya miguu. Alichukua shuka, akasimama nalo, akafikiria kama ana haki ya kumfunika, mwishowe akamfunika miguu tu.

Wifi alilala mchana mzima. Mvua ilikata, ikarudi. Alipoamka hakujua yuko wapi, akaangalia dari, akaangalia shuka, kisha akamwangalia mhadhiri pale mezani na kalamu yake.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya usingizi.

"Naam."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Wifi alijinyoosha hadi mifupa ikalia. "Kuna chakula?"

"Kipo. Cha mchana, kimepoa."

"Kipashe moto basi. Nisije nikakusamehe kwa njaa, halafu nikishiba nijute."

Mhadhiri aliinuka haraka, akagonga kiti, mitihani ikamwagika sakafuni. Hakuiokota. Alikwenda jikoni, akawasha jiko, akasimama mbele ya sufuria akikoroga, na masikio yake yalikuwa yanawaka vilevile.